Asante ya Mazoezi

Wimbo wenyewe ulikuwa na beti tatu, na mtunzi ni mimi. Ubeti wa kwanza uliwakaribisha wageni, wa pili uliwashukuru, wa tatu ulimwomba Mungu awaongezee ili mwakani wakumbuke njia ya kurudi. Tuliufanyia mazoezi asubuhi nne mfululizo mwanzoni mwa Desemba, ilhali shule ilikuwa imefungwa tangu mwisho wa Oktoba na watoto hawakuwa na sababu nyingine ya kuwa pale. Siku ya tatu msichana mmoja wa Gredi ya Tatu alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akaniuliza, "Ticha, mtu akisahau maneno, atanyimwa?"

Nilimwambia hapana, hakuna atakayenyimwa. Halafu nikamwambia arudie ubeti wa pili.

Shule yetu ni vyumba sita vya mabati katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi, na wanafunzi mia moja na kitu. Ni shule ya jamii, zile ambazo Wizara huziita APBET. Si ya serikali, na si ya kibinafsi kwa maana ile ya basi la manjano na bwawa la kuogelea. Karo ni kidogo na hulipwa vipande vipande, mia leo, hamsini Ijumaa, na pengo linalobaki huzibwa na wahisani. Nafundisha hapo mwaka wa nne sasa. Mshahara wangu pia hutoka kwenye hilo pengo, kwa hivyo msomaji anisome akijua hivyo.

Tuna sherehe mbili za kufunga mwaka. Ya kwanza ni yetu, siku muhula wa tatu unapoisha. Ripoti zinasomwa, watoto wa PP2 wanavaa majoho ya kuazima yanayoburuta chini, Gredi ya Tano wanacheza ngoma, kuna shairi ambalo lazima mmoja alisahau katikati na mama yake amsaidie kutoka nyuma kwa sauti kubwa kuliko ya mtoto. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hakuna mgeni anayekuja siku hiyo. Ya pili ni Krismasi ya wageni, nayo huwa Desemba, kwa sababu Desemba ndipo wageni, ambao ni wafanyakazi wa kampuni fulani mjini, hupata nafasi na moyo wa kutoa.

Anayeijua Nairobi anajua Desemba ni nini. Nauli ya kwenda ushago hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia. Mwaka ule mama mmoja alikuwa na nauli tayari tarehe mbili. Akaahirisha safari hadi sherehe ipite, ili watoto wake watatu wasikose mabegi. Tarehe kumi na nne alipofika stendi, nauli ilikuwa karibu maradufu. Nilipiga hesabu baadaye, na sikupenda jibu: alichookoa kwa mabegi alikiacha kwa kondakta. Lakini hakulalamika. Alisema angalau watoto wameonekana.

Siku yenyewe wageni walisema saa nne, wakafika saa saba kasoro. Watoto walikuwa kwenye mstari, sare zimefuliwa, jua la utosi. Akina mama walikuwa wamepika pilau tangu alfajiri juu ya mawe matatu, na harufu yake ilikuwa adhabu ya aina yake kwa mtoto aliyetoka nyumbani bila chai. Wimbo uliimbwa. Hakuna aliyesahau maneno. Kisha kila mtoto akaitwa kwa jina, akapokea begi, akageuka kuelekea kamera. Mvulana mmoja hakutabasamu. Mwenye kamera, kijana mpole tu, akamwomba arudishe begi, apokee tena, safari hii acheke kidogo. Mtoto akarudisha, akapokea, akacheka. Zawadi moja, mara mbili.

Sitaki kuwaonea wale watu. Mabegi yalikuwa mazuri, si yale yanayokatika mkanda Februari. Dada mmoja wa ofisini alikunja mikono ya blauzi akaosha sufuria na akina mama mpaka kucha zake za rangi zikaharibika. Na watoto walifurahi kikweli. Wanaoandika kuhusu misaada hupenda kuficha jambo hilo kwa sababu linaharibu hoja. Soda ni soda. Lakini nilikaa na lile swali la Gredi ya Tatu, na kadiri nilivyokaa nalo ndivyo nilivyoona kwamba mtoto alikuwa ameelewa vizuri kuliko mwalimu. Alikuwa ameuliza kama asante ni malipo.

Wajuzi wa Kiarabu hutuambia neno hili limetoka kwa usemi wenye maana ya "umefanya vyema," na wapo wengi, hasa pwani, wanaoliandika bado ahsante, na h yake. Nimelipenda sana jambo hilo. Kumbe anayesema asante hajipigishi magoti. Anatoa hukumu. Anamtazama mwenzake, anaupima mkono wake, anasema: hapa umefanya vyema. Basi ili hukumu iwe hukumu, lazima hakimu aweze kusema kinyume chake, au anyamaze. Hakimu aliyefanyishwa mazoezi asubuhi nne, akaandikiwa uamuzi na mwalimu wake kwa beti tatu, huyo ni kasuku aliyevishwa joho.

Waswahili hatukukosa maneno ya ugonjwa huu. Kuna masimango, yaani kumkumbusha mtu wema uliomtendea mpaka aone afadhali usingemtendea. Kurani, katika Sura ya Baqara aya ya 264, inaonya kwamba masimango huibatilisha sadaka yenyewe. Yesu kwenye Mathayo sura ya 6 anataka mkono wa kushoto usipate habari za mkono wa kulia. Seneca, Mrumi aliyeandika vitabu saba kuhusu fadhila, alisema mtoaji asahau mara moja na mpokeaji asisahau kamwe. Wote hao, ukiwasoma vizuri, wanaishi kabla ya kamera. Picha ni simango lisilochoka. Begi litachakaa mwaka wa pili, lakini mtoto atakuwa mtu mzima na bado kwenye ukurasa wa kampuni atakuwa na miaka minane, begi mkononi, anacheka kwa kuambiwa.

Kuna sheria, naam. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla data za mtoto wake kutumiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Sisi tulikuwa na idhini. Fomu ziligawanywa pamoja na mwaliko, zikarudi zote zina sahihi, nyingine kidole gumba. Ni mzazi gani angekataa, wakati fomu na begi vinatajwa kwenye karatasi moja?

Mtu ataniuliza: na harambee je? Hatukujenga shule za nchi hii kwa harambee, majina yakisomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi? Tulijenga, na ni swali zuri. Lakini kwenye harambee ninayeshangiliwa leo, kesho nakaa upande ule mwingine nikishangilia. Harusini kuna daftari: fulani elfu mbili, fulani kuku, fulani gunia la viazi. Daftari hilo halimdhalilishi mtu, maana siku ya fulani nami nitaandikwa. Marcel Mauss, Mfaransa, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi popote duniani huja na mambo matatu, kutoa, kupokea na kurudisha. Bibi yangu hakumsoma Mauss ila hakuwahi kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Sherehe yetu ya Desemba ilikata hilo la tatu. Watoto wetu hawakuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika kufikiri kwangu, na nilikuwa nimeridhika nako, mpaka nilipompelekea mwalimu mkuu. Alinisikiliza huku akikagua risiti. Kisha akasema, "Wee mwalimu, hiyo heshima tutapika na nini?" Akanionyesha hesabu ya unga na maharagwe ya muhula mmoja. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: "Na nani amekwambia hawarudishi? Zile picha ndizo zinatafuta pesa ya mwaka ujao. Hao watoto wanafanya kazi kuliko wewe."

Alikuwa anatania nusu. Lakini aliniangusha, maana alikuwa na haki. Kweli walirudisha. Kwa asubuhi nne za mazoezi, kwa saa tatu kwenye jua na kwa kicheko cha kuagizwa walileta chakula cha muhula mzima na sehemu ya mshahara wangu. Hiyo ni kazi. Dhambi yetu, kama ni dhambi, ni kwamba tuliiita shukrani. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza saa za kazi, ya kunung'unika, hata ya kugoma. Anayeshukuru hana haki hizo. Akinung'unika huambiwa fadhila ya punda ni mateke. Tulichukua kazi ya watoto tukaivika jina ambalo linawazuia kuidai. Nami, ticha mwenye beti tatu, nilikuwa nyapara.

Mwaka uliofuata jambo hili lilifika kwenye kamati ya wazazi, na halikufika kifalsafa. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na lango alisema tu: "Mgeni akija kwangu, mimi ndiye nampa chai. Sasa hawa wanakuja, wananilisha kwangu, halafu mtoto wangu anawaimbia. Mimi hapo ni nani?" Mjadala ulikuwa mkali. Baba mmoja alisema wenye njaa hawachagui wimbo. Mwingine akasema watoto wenyewe wanapenda kuimba, jambo ambalo ni kweli. Mwishowe ikapita kwa kura chache: hakuna wimbo wa asante, hakuna picha ya mtoto mmoja mmoja, mabegi yapokewe na kamati na kugawanywa darasani wageni wakishaondoka. Wageni wakaribishwe chakula kama wageni. Na kila darasa likaange njugu, zifungwe kwa karatasi za daftari, ziwe zawadi yetu kwao. Kila mzazi alitoa hamsini. Kumi na wawili hawakuwa nayo, wakaleta kuni au mikono yao.

Wageni walikuja, wachache kuliko mwaka uliotangulia. Mkubwa wao alinivuta kando akaniambia kwa adabu kwamba ripoti yao inahitaji nyuso. Nilimwambia apige nyuso za wenzake wakila. Hakucheka.

Yule msichana, sasa Gredi ya Nne, alikuwa miongoni mwa waliopita na njugu. Alimfikia bwana mmoja mnene aliyekaa kwenye kiti chetu cha plastiki kwa hofu, akampa pakiti kwa mikono miwili. Bwana akaipokea, kisha mkono ukaenda mfukoni kwenye pochi. "Ngapi?"

"Si ya kuuza," msichana akasema.

Nilikuwa karibu. Niliona uso wa yule bwana ukipotea njia. Hakujua afanye nini na pochi iliyo wazi. Ni uso ninaoujua, nimeuona kwa watoto wetu mbele ya kamera, uso wa mtu aliyepewa kitu na haelewi anadaiwa nini. Akasema asante kwa sauti ya chini sana. Msichana akasema karibu, akapita kwa anayefuata, maana trei ilikuwa nzito.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Mwaka ule mabegi hayakutosha, wanafunzi thelathini na kitu walipata madaftari peke yake, na walimu tuliamua kwa kura nani apate nini, usiku, tukiwa tumefunga mlango kama wezi. Mishahara ya Januari ilichelewa mpaka mwisho wa Februari. Mwenzangu mmoja mwenye mtoto mchanga aliacha kazi, siku hizi anauza laini za simu. Siwezi kusema ni kwa sababu ya picha. Siwezi pia kusema si kwa sababu hiyo. Na alipokuwa akiondoka hakunilaumu, ila aliniuliza kama zile njugu zilikuwa tamu.

Barua ya wageni ya mwaka huu imefika mapema. Wanataka kuja, na wanauliza, kwa lugha nzuri kabisa, kama watoto wataimba. Mwalimu mkuu ameniuliza kama bado nina yale maneno. Ninayo, yamo kwenye droo. Kamati inakutana Jumamosi, na safari hii nimeomba watoto wa Gredi ya Tano na ya Sita waitwe waulizwe, wakijua bei ya unga na wakijua kwamba wanaweza kukataa. Baba yule wa wimbo na njaa amesema ni upuuzi kumuuliza mtoto wa miaka kumi mambo kama hayo. Mama mboga amesema waulizwe, lakini kwanza wapewe uji.