Kadiri ya Uwezo Wako



Ni Ijumaa jioni. Mama anasonga ugali, na mtoto wake wa miaka 11 anazungukazunguka jikoni akikariri ahadi ya skauti. Kesho, kwenye uwanja wa shule, atasimama mbele ya wenzake, atainua mkono wa kulia huku vidole vitatu vimenyooka, atoe ahadi yake, kisha avishwe skafu. Maneno ameyashika yote. Linalomsumbua ni jingine.

"Mama, nikishaahidi halafu nikakosea, watanivua skafu?"

Mama hajibu upesi. Anageuza mwiko mara mbili tatu, ndipo anasema, "Hebu rudi mwanzo, useme polepole."

Mtoto anarudi mwanzo. Kabla hajataja wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi, kabla hajafika kwenye kusaidia watu wengine na kushika sheria ya skauti, ahadi yake inamtaka aseme kwamba atafanya kadiri ya uwezo wake. Mama anatabasamu. "Umesikia? Hakuna mahali umesema hutakosea kamwe."

Swali la mtoto huyu, mpendwa, wengi wetu tumelibeba hadi utu uzima. Yuko baba anayetamani kuwaambia wanawe kwamba ataacha ukali, lakini ananyamaza, asije akapandisha sauti tena kesho yake wakamwona mwongo. Yuko dada anayekaa mbali na jumuiya yake, akisema moyoni, "Nijitengeneze kwanza, ndipo niende." Miaka inapita, na kule kujitengeneza hakuishi. Je, kuna ahadi ambayo moyo wako umeijua siku nyingi, ila mdomo unaiogopa?

Tazama jinsi skauti anavyopokewa. Hapa Kenya, maskauti wa ngazi ya Sungura ni watoto wa miaka 6 hadi 10. Chipukizi huanzia miaka 11, wakifuatwa na Mwamba, kisha Jasiri, ambao ni vijana wa miaka 18 na zaidi. Kila umri una kazi zake. Mgeni haapishwi siku ya kwanza anapotokea uwanjani. Huja kwanza akakaa na wenzake, akajifunza sheria, saluti, heshima ya bendera na mafundo ya kamba. Fundo likifunguka, hufungwa upya. Tena hawekwi peke yake. Huingizwa katika kikundi kidogo cha watoto sita, saba au wanane, na anayekiongoza ni mtoto mwenzao.

Utaratibu huo wa vikundi ni wa tangu mwanzo. Mwezi Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza aliyeanzisha skauti, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwagawa katika vikundi vinne, akawachanganya, na kila kikundi akakipa kiongozi aliyekuwa mvulana mwenzao. Walilala katika mahema, wakapika na kula pamoja. Ahadi inayotolewa mbele ya wenzako ina faida hiyo: wapo watakaokukumbusha ukisahau, na wapo watakaokungoja ukichelewa. Wewe nani anakungoja?

Na ahadi ikivunjika? Namkumbuka Petro, mwanafunzi wa Yesu. Usiku ule wa mwisho kabla ya Yesu kusulubiwa, alitoa ahadi kubwa kuliko wote: hata wengine wakimkimbia Bwana, yeye hatamwacha. Kabla jogoo hajawika, alikuwa amemkana mara tatu. Baada ya ufufuo walikutana tena ufukweni, asubuhi, penye moto wa makaa, samaki na mkate. Yesu hakumdai kiapo kikubwa zaidi cha kufidia kile kilichovunjika. Alimwuliza juu ya upendo, mara tatu, na kila mara akampa kazi ya kuwatunza kondoo. Na kondoo, mpendwa, huhitaji malisho kila siku. Petro hakurudishiwa fahari ya usiku ule. Alipewa kazi ya asubuhi, na kesho yake, na keshokutwa.

Labda ndiyo sababu maskauti hufundishwa kutenda tendo moja jema kila siku, bila kudai malipo. Baden-Powell aliwashauri wafunge fundo kwenye skafu ili wasilisahau tendo hilo. Tendo lenyewe laweza kuwa dogo: kumbebea bibi ndoo ya maji, kuokota taka ambayo hukuitupa, kumwelekeza mgeni njia. Anayengoja apate jambo kubwa la kumtendea Mungu huenda akapitwa na siku nzima iliyojaa madogo.

Liko jambo jingine ambalo huwachekesha watoto wetu wanapojiunga. Nyumbani, mtoto akipokea kitu kwa mkono wa kushoto huambiwa abadilishe. Kwenye skauti anakuta wenzake wanasalimiana kwa kushoto! Masimulizi yanayopendwa na maskauti yanasema desturi hii ilitoka kwa wapiganaji wa Ashanti, katika Ghana ya leo, nchi ambayo Baden-Powell aliingia kama askari mwaka 1895. Mpiganaji alishika ngao kwa mkono wa kushoto. Ili akupe mkono huo, ilimlazimu kwanza aiweke ngao chini. Mwanajeshi huyo, ambaye baadaye alimalizia siku zake Nyeri na kuzikwa huko mwaka 1941, anatajwa kuwa alijifunza salamu ya amani kwa watu aliokuwa amewaendea kwa vita.

Sisi nasi tunazo ngao. Mmoja hujikinga kwa kimya, mwingine kwa kazi nyingi, mwingine kwa kuhesabu makosa ya mwenzake. Kuziweka chini kunatisha, na sitakuambia ni rahisi. Lakini waangalie watoto wawili waliogombana darasani, wakajikuta wamepangwa kikundi kimoja kambini. Mawingu yametanda na hema halijasimama. Mmoja anashika nguzo, mwingine anavuta kamba. Hawajaombana radhi bado, ila mikono yao imekwisha kuanza kusaidiana, na neno la msamaha likija baadaye litapata njia. Je, kuna kazi ndogo ambayo wewe na yule mliyekosana mngeweza kuifanya pamoja, hata kabla mioyo haijatulia?

Juma hili, chagua ahadi moja inayoweza kutimizwa kabla ya jua kutua, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Ifanye leo kadiri ya uwezo wako, na uombe neema kwa sehemu inayozidi uwezo huo. Ukishindwa Jumanne, mwambie Mungu ukweli, mwombe radhi uliyemkosea, na Jumatano uanze tena.