Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Amepona?

Leo naomba tuweke kando kidogo habari za maboksi na siasa za nyumbani, tuulizane jambo moja ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Mahali palipotelekezwa pakijengwa upya, treni ikaletwa na fleti zikapanda juu, ni nani anayestahili kufaidi kwanza? Ni yule anayekuja, au yule aliyekuwepo siku zote akisubiri?

Silisemi hili kwa kulisoma vitabuni. Tangu mwaka 2023 mimi na familia yangu tumepanga fleti Barking Riverside, mashariki mwa London, kando ya mto Thames. Zamani hapa palikuwa na kituo kikubwa cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, kilichoanza kazi mwaka 1925 na kufungwa mwaka 1981. Baada ya kufungwa, eneo lilibaki na majivu ya makaa, minara ya nyaya za umeme na majani marefu. Upande mmoja ni mto, upande wa pili ni reli na barabara kubwa ya A13 yenye malori usiku na mchana. Mtu asiyekuwa na shughuli huku hakuwa na sababu ya kufika.

Mwaka 2007 kilitolewa kibali cha kujenga nyumba 10,800. Swali likawa, watu wote hao watatokaje? Ndiyo maana kibali kilikuja na sharti kwamba sehemu kubwa ya nyumba isijengwe mpaka usafiri wa uhakika uwepo. Palikuwa na mpango wa kuleta treni nyepesi za DLR, ukafutwa mwaka 2008. Waliotangulia kuhamia wakawa watu wa basi, miaka nenda miaka rudi. Hatimaye, tarehe 18 Julai 2022, ikafunguliwa stesheni mpya mwisho wa njia ya Overground, ile ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Suffragette. Ni kipande cha reli cha kilomita 4.5 tu kutoka Barking, lakini kimebadilisha kila kitu. Leo natoka mlangoni kwangu na muda si mrefu niko Barking, na kutoka hapo London yote iko wazi. Nilipohamia nilijiona nimeokota embe dodo chini ya mwarobaini.

Raha hiyo ilipungua siku moja kwenye arusi ya kijana wetu mmoja. Nilikaa meza moja na mama mmoja wa Kitanga. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi unakaa wapi?"

Nikamweleza kwa madaha: ghorofa ya nne, mto unauona dirishani, treni mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Hongera, mwanangu. Mimi jirani yako, nipo Thames View mwaka wa ishirini na mbili huu. Treni yenu naisikia kila siku. Naisikia tu, siipandi."

Kwa asiyepajua, Thames View ni mtaa wa nyumba za kaunsili uliojengwa miaka ya 1950, uliobanwa kati ya reli na mto, hatua chache kabla ya kufika kwetu. Treni ikitoka Barking inapita ubavuni mwa mtaa huo, haisimami, inakuja kusimama kwetu. Wachoraji wa njia hii waliacha nafasi ya kituo pale Renwick Road, ambacho kingewafaa watu wa Thames View, lakini hakijajengwa. Kwa hiyo mama yule akitaka treni, apande basi kuja mpaka kwetu, kisha treni hiyo imrudishe kule kule alikotoka. Hana muda wa mzunguko huo. Anafanya usafi maofisini mjini, anatoka saa kumi ya alfajiri, na anapanda basi kwenda Barking kama alivyofanya kabla ya reli kuja.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeizoea methali hii mpaka hatuisikii tena. Hebu tuitazame upya. Haimfukuzi mgeni, bali inamwita. Lakini inataja pia kipimo cha ujio wake, nacho ni hali ya mwenyeji. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, watoto wa nyumba nao wapate mchuzi. Haisemi mgeni njoo, mwenyeji apishe. Nikajiuliza: mimi niliyekuja na treni, nimemponya nani?

Nilipowaeleza marafiki zangu jambo hili, walinipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza alisema kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Hakuna aliyevunjiwa nyumba, hakuna aliyefukuzwa, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Ni kweli hakuna aliyefukuzwa. Lakini kiwanja kitupu kina majirani. Kituo cha umeme kilipokuwa kinafanya kazi, moshi wake haukwenda mbali kutafuta wa kumwangukia. Kilipofungwa, waliobaki na uwanja wa majivu mbele ya madirisha yao walikuwa ni hao hao. Mahali pakitelekezwa, wapo watu wanaotelekezwa pamoja napo, hata kama majina yao hayamo kwenye hati ya kiwanja.

Wa pili, aliyesoma falsafa kidogo, aliniletea John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba mtu hupata haki juu ya ardhi kwa kuchanganya jasho lake nayo. Kusubiri si jasho, akasema. Anayekaa miaka ishirini akingoja basi hajajenga chochote. Hoja hii ilinishinda kwa siku kadhaa. Baadaye nikaona kasoro yake. Mtaa haukai hai wenyewe. Basi huendelea kuja kwa sababu wapo wanaolipanda alfajiri, mvua na theluji. Shule haifungwi kwa sababu wapo wanaopeleka watoto. Zahanati, duka la kona, kanisa na msikiti vyote vinashikiliwa na waliobaki wakati wenye uwezo walipohama. Fleti zetu ziliposimama zilikuta mtaa unaopumua, na pumzi hiyo ilitoka kwa watu. Sasa kama hilo si jasho, sijui jasho ni nini.

Wa tatu aligusa mfuko. "Reli hiyo tumeilipia sisi," alisema, naye ni jirani yangu aliyenunua fleti kwa mtindo wa ubia, nusu ananunua na nusu anapanga. Ana hoja. Makadirio ya mwanzo ya reli yalikuwa pauni milioni 263, na kati ya hizo milioni 172 zilipangwa kutoka kwa waendelezaji wa eneo, ambao nao fedha zao hutoka kwenye bei za nyumba. Mimi naona huo ni utaratibu wa haki kuliko ule wa serikali kujenga reli yote, kisha mwenye kiwanja akaamka tajiri. John Stuart Mill alilalamikia jambo hilo hilo katika karne ya 19, kwamba mwenye ardhi huongezewa mali akiwa amelala. Lakini sehemu iliyosalia ilipangwa kutoka kwenye fedha za umma, na kipande chetu cha kilomita 4.5 kingekuwa chuma tu shambani kama kisingeungwa na njia ya zamani na stesheni ya Barking, ambazo umma umezitunza kwa vizazi. Mama wa Kitanga yumo katika umma huo, kodi yake ya miaka ishirini na mbili imo.

Hoja ya nne ndiyo iliyonitia hofu, na hii nilijiletea mwenyewe. Neno "mwenyeji" lina makali. Hapa hapa Barking na Dagenham, katika uchaguzi wa mwaka 2006, chama cha BNP cha siasa kali za kibaguzi kilipata madiwani 12. Kilipanda juu ya uvumi kwamba Waafrika wanaletwa na kupewa nyumba mbele ya wenyeji. Mwaka 2010 wapiga kura waliwaondoa wote, lakini tuliokuwepo Uingereza miaka ile hatujasahau. Je, ninaposema mwenyeji aponywe kwanza, si ndiyo nawapa watu wale fimbo ya kutuchapia?

Nadhani jibu liko katika kuuliza mwenyeji ni nani. Kwa wale, mwenyeji ni damu na rangi. Kwetu watu wa pwani, ambao mababu zetu walifika kwa jahazi na kwa miguu kutoka pande zote, mwenyeji ni yule aliyekaa akabeba taabu za mahali. Kwa kipimo hicho mama wa Tanga ni mwenyeji wa Thames View, sawa kabisa na mzee wa Kiingereza wa nyumba ya pili aliyefanya kazi kiwanda cha magari cha Ford, Dagenham, mpaka uundaji wa magari uliposimama mwaka 2002. Wote wawili wanaisikia treni, wote wawili haiwasimamii. Tukiutafsiri uwenyeji hivyo, hatumpi mbaguzi fimbo. Tunamnyang'anya.

Msidhani jambo hili ni la Ulaya tu. Pale Magomeni, Dar es Salaam, palikuwa na nyumba za zamani za Kota. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya 644 ziliondolewa, nyumba zikavunjwa, na uwanja ukakaa mtupu kwa miaka. Wakati huo huo barabara ya Morogoro inayopita jirani ikapata mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016. Fikirini thamani ya kiwanja kama hicho, karibu na mjini na karibu na kituo. Ingekuwa rahisi sana kuwasahau wale 644. Mwaka huo huo Rais Magufuli aliahidi kwamba watajengewa na kurudishwa, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa mapya yenye nyumba 644, moja kwa kila kaya. Miaka kumi ya kuhangaika kwenye nyumba za kupanga ni mingi, hasa kwa mzee, na sitaki kuipamba. Lakini hesabu ile, 644 kwa 644, ina maana kubwa. Inasema kwamba kabla ya kuhesabu wageni wangapi wataingia, wenyeji walihesabiwa.

Basi nimefikia wapi? Sijafikia kusema tusijenge. London ina watu wengi wanaolala watano chumba kimoja, wengine ni sisi wenyewe, na uwanja wa majivu haumfai mtu yeyote. Wala sijahama ili kujitakasa. Ninachosema ni kwamba aliyesubiri ana dai, na dai hilo halifi kwa sababu hana hati. Haliwezi kuzuia mgeni asije. Linamtaka mgeni, na aliyemkaribisha, wajibu swali moja kabla ya kufungua kiwanja kwa nderemo: huyu aliyekuwepo anapata nini leo, ambacho jana hakuwa nacho?

Kwangu mimi swali hilo lina kipimo kidogo sana. Kituo cha Renwick Road kikijengwa, treni yangu itasimama mara moja zaidi. Nitachelewa dakika moja, labda mbili. Nimekaa nikazipima dakika hizo mbili dhidi ya miaka ishirini na miwili ya mama yule kwenye basi la alfajiri, na nimeona aibu kwamba nilihitaji kupima. Ukiitwa mkutano wa kuzungumzia kituo hicho, nitakwenda, nitasimama na kusema mimi ni wa kule mwisho wa reli, na ninaomba treni yangu isimamishwe njiani.

Nanyi wenzangu mnaohamia kwenye maghorofa mapya, iwe London, Toronto au Minneapolis, siku ya kwanza mkishapanga vyombo, shukeni chini mkawasalimie majirani wa mtaa wa zamani. Waulizeni wamekuwepo tangu lini, na walikuwa wanasubiri nini.