Tutakula Mbele

Kuna maneno mawili ambayo nusura yamtoe mama yangu roho, na huenda hata wewe, ndugu msomaji, umeshayatamka ukiwa umeshika usukani: "Tutakula mbele." Nayasimulia yaliyotupata kwa sababu Desemba barabara zitajaa tena watu wanaorudi nyumbani, na wazee wetu watakuwa wamekaa viti vya nyuma, wamenyamaza.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Tukuyu, safari ya karibu kilomita 900. Tulipanga kulala Iringa. Garini tulikuwa mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeandika kwenye karatasi mahali pa kusimama tutazame nchi yetu: Milima ya Uluguru pale Morogoro, wanyama wa Mikumi, bonde la mibuyu, kisha tupande Mlima Kitonga jua likiwa linaelekea kuzama. Karatasi ile haikuwa na neno hata moja kuhusu chakula. Nilijiambia kwamba barabara ile ina wauzaji kila kituo, chakula hakiwezi kukosekana. Na kweli hakikukosekana. Tulikipita.

Mama ana kisukari na huchoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Dawa ile ya asubuhi huendelea kufanya kazi mpaka jioni, mgonjwa awe amekula au hajala. Asipokula, sukari hushuka chini ya kiwango, na ikishuka sana anaweza kuzimia au hata kufa. Nesi wa kliniki alitueleza hayo zaidi ya mara moja, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Tulikusudia kuondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaondoka saa mbili na nusu. Mama alikuwa ameshachoma dawa yake na kunywa chai kwa maandazi mawili tangu saa moja. Hapo ndipo ilipokuwa dalili ya kwanza, nami sikuiona: saa za safari zilikuwa zimesogea, lakini saa za dawa hazikusogea. Foleni ya Kimara mpaka Kibaha ikala muda zaidi. Chalinze vijana walitukimbilia na mahindi ya kuchoma na mayai ya kuchemsha. Mke wangu akasema, "Tumnunulie mama chochote." Nikajibu tumechelewa, tutakula Morogoro. Morogoro tukafika saa nane kasoro, tukasimama kupiga picha za Uluguru, na kwa kuwa picha zilikula dakika 20, nikaona tufidie. Tutakula Mikumi.

Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na vibao vinamtaka dereva apunguze mwendo, maana wanyama wanavuka na ukimgonga mmoja unalipa faini. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya kilomita tu, kana kwamba kila kilomita hutembewa kwa mwendo uleule. Tukawaona twiga, tukawaona tembo. Watoto wakafurahi sana. Mama hakugeuza shingo. Mtu ambaye kila tukipita hapo huwahesabu swala kwa sauti, siku ile alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nikasema amechoka.

Kwenye mibuyu alikataa kushuka. Mwanangu mdogo akanifuata nje akaninong'oneza, "Baba, Bibi ananigombeza na sijafanya kitu." Mama hana tabia ya kumgombeza mjukuu. Mtoto wa miaka saba aliiona dalili ile, nami niliyeambiwa na nesi nikamwambia asimsumbue Bibi. Ruaha Mbuyuni tukasimama tena, tukanunua kiroba cha vitunguu. Fikiria: gari lina mgonjwa ambaye hajala tangu asubuhi, nasi tunapakia vitunguu vibichi.

Chini ya Kitonga tulikuta foleni imesimama. Lori lilikuwa limeharibikia kwenye kona huko juu, na mlima ule, kwa kona zake na korongo lililo pembeni, haukupi pa kulipitia gari jingine. Giza likaingia. Mke wangu akamgusa mama, akakuta nguo zimelowa jasho na mikono inatetemeka. Nilipomwita, aliniitikia kwa jina la marehemu baba.

Garini hatukuwa na sukari, soda wala hata pipi. Nilikimbia kutoka gari hadi gari nikigonga vioo. Aliyetuokoa ni utingo wa lori la mbele yetu, aliyekuwa amewasha jiko la mkaa kando ya barabara. Alikoroga vijiko vingi vya sukari kwenye kikombe cha maji, akasema mama yake naye ana ugonjwa huohuo. Bahati yetu, mama alikuwa bado anaweza kumeza. Angekuwa amepoteza fahamu tusingethubutu kumtia kitu mdomoni, maana angepaliwa, na hospitali tungefikaje na barabara imefungwa? Baada ya kama robo saa alitutazama akauliza tumefika wapi. Utingo yule akampakulia ugali na dagaa kutoka sufuria yao. Mama alikula wote.

Tukiwa Tukuyu niliiandika upya ile karatasi ya safari. Mara hii nilianza na saa za mama: chai saa moja, kitafunio saa nne, chakula saa saba, kitafunio tena saa kumi. Mahali pa kutazama nikapachagua baadaye, kwa kuangalia tutakuwa wapi saa hizo. Ndugu zangu, anzeni hapo. Mwulizeni mzee, mjamzito na mwenye dawa anakula saa ngapi kabla hamjauliza wapi pana mandhari nzuri. Na milima kama Kitonga msiikaribie na tumbo tupu, kwa sababu huko si ninyi mnaoamua mtatoka saa ngapi.

Wakati wa kurudi tulisimama Isimila, karibu kilomita 20 kabla ya kufika Iringa, ambako mvua na upepo vimechonga nguzo ndefu za udongo na watu wa Enzi ya Mawe waliacha zana zao. Mama alishuka mwenyewe. Alitembea mpaka kwenye kivuli, akaketi, akamwuliza mjukuu wake ni saa ngapi. Mtoto akasema saa saba kamili. Mama akalivuta hotpoti lililokuwa limejaa viazi vitamu na mayai, akalifungua, na sote tukala tukizitazama zile nguzo.