HISABU KATIKA MIRATHI NA MIZANI

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu Waislamu. Wako watu wadhanio kuwa hisabu ni ilimu ya dukani na ya skuli tu, na kwamba chuoni yatosha msahafu na sala. Dhana hiyo ni potofu. Katika Sura ya An-Nisaa Mwenyezi Mungu ametaja mafungu sita ya warithi: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mtu asiyejua kuyakusanya mafungu hayo ataitiije aya ile? Ataisoma kwa tajwidi nzuri, kisha atawadhulumu mayatima.

Na tuchukue mfano hapa petu Morogoro. Mtu amefariki chini ya milima ya Uluguru, ameacha mke, mama, binti wawili na ndugu mmoja wa kiume, wa baba na mama. Baada ya mazishi, madeni na wasia zimebaki shilingi 2,400,000. Kwanza itengeni ardhi. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na shamba ambalo marehemu alilima kwa idhini ya ukoo si milki yake, basi halirithiwi. Walakini wengi huipeleka desturi hiyo hata katika fedha na mbuzi, wakapewa wapwa, na binti wakatoka mikono mitupu. Mpwa, mtoto wa dada, hana fungu wakiwapo warithi hawa.

Sasa tupige hisabu. Hisabu ndogo igawanyikayo kwa thumuni, sudusi na thuluthi bila ya kuvunjika ni 24. Mke ana thumuni, ni 3. Mama ana sudusi, ni 4. Binti wana thuluthi mbili, ni 16. Jumla 23. Moja iliyobaki ni ya ndugu. Kwa hivyo mke apewe 300,000, mama 400,000, kila binti 800,000, na ndugu 100,000. Ndugu huyo, ambaye mara nyingi ndiye mshika funguo, asipojua hisabu atakata nusu kwa nusu akajiona ni mtu wa insafu, kumbe amekula 1,100,000 ya mjane, ya kizee na ya mayatima.

Na pengine mafungu huzidi mali. Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa naye yu juu ya mimbari: mtu ameacha mke, baba, mama na binti wawili. Thumuni, sudusi mbili na thuluthi mbili ni 27 katika 24. Akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imegeuka tusui, yaani 3 katika 27, na kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Mas'ala hiyo hata leo yaitwa ya mimbari. Hakushuka kwenda kumtafuta karani. Na al-Khwarizmi, aliyetunga kitabu cha al-jabr huko Baghdad katika karne ya 9 ya Miladi, alitia ndani yake mlango mrefu wa wasia na mirathi.

Ama sokoni, mambo ni yale yale. Mkulima hushuka na mazao yake, na mnunuzi hutaka gunia la lumbesa, lililofungwa likavimba juu. Gunia likiwa na kilo 130 na bei ni ya kilo 100, kilo 30 zimeibwa mchana kweupe, na Sura ya Al-Mutaffifin yajulikana na kila mtoto wa chuo. Na zaka kadhalika: mpunga wa mvua au wa mfereji utiririkao wenyewe, ukifika sai 300, hutolewa ushuri, wa pampu hutolewa nusu ya ushuri.

Enyi walimu wa vyuo, mtoto akihitimu juzuu msimwache bila ya kujua sehemu za hisabu. Na ninyi akina baba, waulizeni wanenu usiku huu mas'ala hii: mwanamke amefariki, ameacha mume na ndugu wawili wa kike, wa baba na mama, na shilingi 700,000. Nani apata nini?

Wallahu aalam.