Nani Kakupa Ruhusa ya Kuharamisha?

 

Ndugu zangu wa Kamuli, nilikuwa nimeandaa mawaidha ya zaka. Nimeyaweka kando. Nitazungumzaje zaka na watu ambao nusu yao hawapeani mikono kwa sababu ya kahawa na senene?

Mnayajua yaliyotokea, ila nitayasema ili asiwepo wa kudai hakusikia. Kijana wetu amerudi kutoka Ghuba, alhamdulillah, salama, na amemjengea mama yake nyumba. Kwenye walima ya nyumba hiyo, bibi mwenye mji akampitishia kahawa yetu ya kutafuna, akamwani, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa. Mgeni katika nchi hii hupewa hiyo kabla ya kuulizwa habari za safari. Kijana akausukuma mkono wa bibi, akasema mbele za watu kwamba huo ni ushenzi, Uarabuni kahawa ni ya finjani. Ikaja sahani ya senene, akaongeza: haramu, na imamu anayekula hafai kutuswalisha. Na wakatokea wa kumshangilia! Tangu siku ile wapo wanaoswali majumbani.

Mwanangu, nani kakupa ruhusa?

Sote tunaijua hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula. Alichokitamani alikula, asichokitamani alikiacha. Na nyumbani kwa Mama wa Waumini Maymuna aliletewa dhabbu wa kuchoma, mnyama wa jangwani afananaye na kenge, kutoka Najd. Alipoambiwa ni nini, aliurudisha mkono. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani akala, Mtume anamtazama. Basi. Hakuna aliyetukanwa, si watu wa Najd wala mwenye nyumba, na Khalid hakuambiwa asiswalishe.

Kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kutafuna. Sema "bibi, ahsante, sijazoea," yaishe. Lakini kumwaibisha mwenyeji wako, kisha ukamsingizia Mwenyezi Mungu hukumu asiyoitoa! An-Nahl, aya ya 116, someni: tumekatazwa kuziachia ndimi zetu zizushe kwamba hiki halali na hiki haramu.

Dada mmoja wa hapa alifanya kazi za ndani Maskati. Anasimulia kwamba jioni ya kwanza alipewa kahawa ya Kiomani, ina iliki, haina sukari, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Chungu! Akafumba macho akaimeza yote ili aondokane nayo. Kikajazwa. Akameza tena, kikajazwa tena. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe kidogo, ndipo mmiminaji anaelewa. Alikunywa mpaka moyo ukaenda mbio na usingizi ukahama. Mama mwenye nyumba alipotambua alicheka hadi machozi, akamshika mkono akamfundisha kutikisa. Na Iddi ilipofika wakamlisha shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa majani, ikafukiwa kwenye shimo la makaa tangu siku iliyotangulia. Hapo anasema aliisamehe kahawa yote.

Sasa niambieni. Angeimwaga ile kahawa kwenye zulia la watu, akasema huu ushenzi, kwetu Kagera tunatafuna, mngemwitaje? Mngesema hana malezi, kawaaibisha Watanzania wote. Basi bibi wa Kamuli ana upungufu gani hata heshima yake iwe ndogo kuliko ya mama wa Maskati? Kwa kuwa hana zulia?

Na wakubwa pia wameteleza hapa. Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja, alifika Mogadishu mwaka 1331. Kabla ya chakula aliletewa tambuu na popoo kutoka kwa sultani. Kitu cha kutafuna, mnasikia? Kisha sinia kubwa la mbao, wali wa samli na vitoweo juu yake, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mtu wa Maghribi, akala, akaandika kila kitu kwa adabu, na mpaka leo tunakisoma. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1352, alivuka jangwa la Sahara akaenda Mali. Huko walikula uji mzito wa mizizi, yeye na wenzake, watu sita. Wote wakaugua, mmoja akafariki, naye akalala mgonjwa miezi miwili. Namhurumia, wallahi. Baada ya hapo akaletewa zawadi ya sultani, naye alikuwa akitarajia mavazi na fedha. Akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe ya kukaanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Akawaona watu wale wana akili haba. Kadhi aliyezunguka dunia, aliyelishwa na kila taifa, anacheka mkate wa Mwislamu mwenzake! Ugonjwa ulimpa udhuru wa kuogopa kula. Kucheka hakukuwa na udhuru.

Turudi kwa senene. Abdullah bin Abi Aufa anasimulia kwamba walipigana vita sita au saba pamoja na Mtume wakila nzige. Senene ni jamaa ya nzige, na katika madhehebu yetu ya Shafii nzige hahitaji hata kuchinjwa. Asiyempenda amwache. Na kahawa? Mwaka 1511 mkuu mmoja wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, ikachomwa hadharani, mpaka sultani wa Kairo akaitengua amri hiyo. Kile unachojivunia kwenye finjani, mwanangu, nacho kiliwahi kupachikwa uharamu na watu wenye haraka kama wewe. Najua mababu walifunga undugu kwa punje mbili za kahawa na damu. La damu tumeliacha, halifai. Punje hazina kosa.

Na Waarabu wenyewe waliokaa kwetu je? Msafiri Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, alimkuta huko, mahali paitwapo Kafuro, Mwarabu mmoja, Ahmed bin Ibrahim, aliyekuwa amekaa miaka mingi. Mnadhani alikuwa akila nini? Tende za kubebwa kichwani kutoka Bagamoyo?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Hawa hawa wanaopigia senene kelele, wakivuka mpaka wa Murongo kwenda Uganda, au wakikaribishwa Kampala na Kigali, wanakunywa kila wanachomiminiwa, wala hawaulizi kuna nini ndani, wasionekane washamba. Ugenini wanaona haya kuuliza, nyumbani hawaoni haya kutukana. Kilevi kina aya, Al-Maida, aya ya 90, wazi, haihitaji sheikh wa kuifafanua. Na kwenye walima ile ile rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa inapita nyuma ya nyumba, kibuyu baada ya kibuyu, na wanywaji wengine walikuwa wana wa msikiti huu. Sikusikia hata mmoja aliyepaza sauti. Mlikuwa mnatafuna nini?