Lala Kwanza, Ununue Kesho

Wanangu,

Kila jioni nawaona mmeinamia simu. Mzigo mpya umeingia, zimebaki tatu tu, ofa mwisho saa sita usiku. Kidole kinabonyeza namba ya siri, hela imekwenda, na hata hujajiuliza kama kitu chenyewe ulikuwa unakihitaji. Sisemi hamna akili. Maneno hayo yametungwa na watu wanaoijua vizuri tamaa ya binadamu, na ninyi mnapaswa kuijua kuliko wao.

Tamaa ina utamu wake, na utamu huo huja mapema. Mtaalamu wa ubongo Wolfram Schultz aliwachunguza kima waliofundishwa kwamba wakiona ishara fulani, watapewa kinywaji kitamu. Walipozoea, chembe za ubongo zinazotoa dopamini zilisisimka pale ishara ilipotokea. Kinywaji chenyewe kilipofika, hazikusisimka tena. Ndiyo maana gauni lililokukosesha usingizi Ijumaa, Jumatano limetupwa chini ya kabati na macho yako yako kwa jingine.

Tena hela usiyoishika haikuumi. Mwaka 2001, Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha utafiti wao wa mnada wa tiketi za mpira wa kikapu huko Marekani. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei karibu mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi ni zilezile. Mimi naamini simu zetu zinatufanyia hivyohivyo: noti ya elfu kumi unaiona ikitoka mfukoni, lakini kwenye simu unaletewa ujumbe tu. Salio likiisha unaambiwa ukope, na kuanzia hapo unamlipa mkopeshaji wa kausha damu riba ya kiatu ambacho hata hukivai.

Lakini hasara ya mfuko wako si kubwa kuliko zote, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nguo ya bei ya kutupa, inayotakiwa dukani upesi kabla fasheni haijapita, kuna mtu anaishona kwa haraka hiyohiyo. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake, kwa sababu oda zilikuwa zinasubiriwa. Jengo likawaangukia. Walikufa watu 1,134, wengi wao wanawake wa umri wenu.

Msiniambie mnunuzi mmoja hana nguvu. Baada ya msiba ule, vyama vya wafanyakazi na wanunuzi wa Ulaya na Marekani walipiga kelele, na mwaka huohuo yakatiwa saini makubaliano ya usalama wa viwanda vya Bangladesh, yenye nguvu ya kisheria. Zaidi ya kampuni 200 zilijiunga. Viwanda vikakaguliwa, vingine vikafungwa. Kampuni hizo zilisukumwa na aibu mbele ya wateja wao.

Kwa hiyo zimeni matangazo ya wauzaji kwenye simu zenu. Mshahara ukiingia, tengeni kwanza kodi, chakula na akiba. Shati likichanika, mpelekeeni fundi cherehani wa mtaani, naye apate riziki. Mtumba mzuri utakaouvaa miaka mitano nausifu kuliko nguo mpya inayochuja mara ya tatu kufuliwa. Na muulizeni muuzaji: hii imetengenezwa wapi, na nani? Mara nyingi hatajua. Muulizeni tena safari ijayo, na wenzenu nao wamuulize, mpaka naye aanze kumuuliza anayemletea mzigo.

Na leo usiku, ofa ikikuita, weka simu chini ulale. Asubuhi ukiwa bado unakitaka kitu hicho, na hela ni yako wala si ya mkopo, nenda kakinunue.