Je, Ni Nani Aliyeuomba Wimbo Huu?

Wasomaji wetu wengi wamepata kumsikia mtangazaji wa redio akisema ya kuwa wimbo unaofuata umeombwa na fulani, apate kumpa pole mama yake aliyelazwa hospitalini. Zamani Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole kwa ajili ya salamu za namna hiyo. Siku zile watu waliandika kadi, wakazitia posta, wakangoja juma baada ya juma. Sasa wengi hutuma ujumbe kwa simu, lakini kungoja ni kule kule.

Basi swali letu ni hili. Katika vituo vingi vikubwa, kwanza Marekani na kisha nchi nyingine, nyimbo za kutwa nzima hupangwa mapema na kompyuta. Programu moja ya kazi hiyo, iitwayo Selector, ilitoka mwaka 1979. Mtangazaji huikuta orodha imekwisha kuwa tayari. Ndipo huyatazama maombi, akamtafuta mtu aliyeomba wimbo ambao ungepigwa hata asipouomba mtu, akalisoma jina lake. Je, amesema uongo?

Wako watakaosema la, maana yule mtu aliuomba kweli, naye ameusikia. Hoja hii ina nguvu, wala hatuwezi kuitupa. Lakini neno "umeombwa" humwambia msikilizaji zaidi ya hayo: humwambia kwamba kuomba ndiko kulikouleta wimbo. Na yule aliyeomba wimbo usiomo katika orodha ataandika mara tano, mara kumi, akidhani kwamba barua yake imepotea, au kwamba jina lake halikupendeza. Huyu ndiye aliyedhulumiwa.

Kwetu sisi, kukataa waziwazi kuna adabu zaidi. Mwaka 1942, wakati wa vita, Ofisi ya Udhibiti wa Habari ya Marekani iliviagiza vituo vya redio visipokee maombi ya nyimbo kwa simu wala kwa telegramu, na yaliyoletwa kwa barua yawekwe kwanza kwa muda usiotajwa. Ilihofiwa kwamba mpelelezi aweza kuomba wimbo fulani kwa saa fulani, nao ukawa ishara kwa adui. Watu walinyimwa, lakini kanuni ile ilichapishwa, na aliyetaka kujua sababu aliweza kuijua.

Mtangazaji angeweza kusema: "Wimbo huu umo katika orodha yetu ya leo, na fulani naye aliuomba." Ni maneno machache tu. Labda atajibu kwamba utamu wa salamu utapungua. Hatudhani hivyo. Mama yule kitandani hatapungukiwa na kitu, kwa kuwa mwanawe amemtaja. Na yule wa barua kumi atajua la kufanya na senti zake.